Samaki mzazi, kokoro na birika la msikiti

KWA muda wa miezi mitatu ajenda moja ilirudi katika kila kikao cha kamati ya msikiti wetu, nami nikiwa katibu niliiandika kila mara kwa maneno yaleyale: “Mchango wa birika la udhu.” Asiyejua angedhani kwamba tulikuwa tukijadili saruji na mabomba. Kwa hakika tulikuwa tukijadili samaki: sato mkubwa anayesogea maji ya kina kifupi ili azae, na kokoro linalomfuata huko huko.

Msikiti wetu uko kando ya mwalo, katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Wengi wa wanaosimama safu ya kwanza katika Swala ya Alfajiri ama wametoka majini usiku huo, ama wanakwenda majini jua likichomoza. Zaka ya fitri, futari ya pamoja, ada ya madrasa, hata sanda ya asiye na ndugu, vyote hivi kwetu hutoka ziwani kabla havijafika katika daftari langu. Ndiyo maana kwetu jambo la samaki haliwezi kuwa jambo la nje ya msikiti.

Kwa miaka mingi kina mama wanaoswali upande wao wamekuwa wakibeba maji ya udhu kwa ndoo kutoka ziwani. Ndipo mzee mmoja wa heshima, mmiliki wa makokoro mawili, aliposimama baada ya Swala ya Ijumaa na kuahidi kulilipia birika lote, tangu msingi hadi bomba la mwisho. Watu waliitikia kwa takbira. Wiki iliyofuata vijana watatu wa mwaloni waliniletea barua iliyoandikwa kwa adabu kubwa. Walisema kuwa kokoro limepigwa marufuku na sheria ya nchi kwa sababu linaharibu mazalia ya samaki. Je, inafaa maji ya kujitwaharishia yalipiwe na kokoro?

Barua hiyo niliisoma mara nyingi kabla ya kuipeleka kikaoni, na uzito wake kwangu ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, nilipokuwa chuoni nikisoma elimu ya dini, mzee yule ndiye aliyekuwa akinipa nauli ya kwenda na kurudi kila muhula. Ya pili, mdogo wangu wa mwisho ni miongoni mwa wavutaji wa moja ya makokoro yale, na sehemu ya unga anaopikiwa mama yetu hutokana na kamba anayoivuta.

Sato anavyolea

Ili mtu auelewe uzito wa swali la vijana wale, yampasa kwanza ajue namna sato anavyozaa. Dume huchagua mahali penye mchanga au tope laini, katika maji ya kina kifupi, akachimba kwa mdomo wake shimo la mviringo mfano wa sahani. Shimo hilo hulilinda, akamfukuza kila anayelisogelea. Jike akifika hutaga mayai shimoni, dume huyarutubisha, kisha jike huyachukua yote mdomoni mwake na kwenda zake. Mayai huanguliwa ndani ya mdomo wa mama. Hata baada ya kuanguliwa, vitoto hubaki humo kwa siku kadhaa, na vinapoanza kutoka kutafuta chakula hukimbilia tena mdomoni vinapohisi hatari. Katika muda wote huo, ambao hukaribia wiki mbili, mama hali kitu au hula kidogo sana. Subhanallah! Kiumbe aliyepewa mdomo ili ale, huufunga mdomo huo kwa chakula ili uwe nyumba ya wanawe.

Katika maelezo haya yamo mambo matatu ambayo kila mwenye kula samaki anapaswa kuyafahamu. La kwanza, samaki huwa mwepesi kuvuliwa wakati ule ule anaozaa. Yuko karibu na ufukwe, mahali panapojulikana, na dume haliachi shimo lake. La pili, jike kubwa hubeba mayai mengi kuliko jike dogo, hivyo anayemtoa majini mzazi mmoja mkubwa hakutoa samaki mmoja tu. La tatu, jike akinaswa na kutaabika, mara nyingi hutema mayai au vitoto vyake. Kwa hiyo hata mvuvi mwenye huruma akimrudisha majini, malezi huenda yamekwisha kuharibika. Salama ya mzazi ni kutofuatwa kabisa pale alipo.

Hapo ndipo tofauti ya zana inapodhihirika. Kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa majini kisha ukavutwa kwa kamba mbili na watu waliosimama ufukweni, huku ukiburuta chini. Hulima mashimo ya sato kama jembe linavyolima tuta, likakusanya mzazi, kitoto na asiyefikia kuzaa hata mara moja. Wavu wa makila husimama majini, na jicho lake ndilo linalochagua: jicho likiwa kubwa, mdogo hupita akaishi. Mwenye ndoano huchagua kwa mkono wake, mmoja mmoja. Kwa maneno mengine, uchaguzi katika uvuvi hufanywa na chombo kabla ya kufanywa na mvuvi. Mtu anayevuta kokoro anaweza kuwa mcha Mungu kuliko mimi, lakini wavu wake haujui huruma aliyonayo moyoni.

Sheria zetu zimejaribu kuuweka uchaguzi huo katika vipimo. Sato asiyefikia sentimita 25 hapaswi kuvuliwa. Kwa upande wa sangara, nchi tatu zinazolimiliki ziwa hili zilikubaliana juu ya kipimo cha kati ya sentimita 50 na 85. Mpaka wa chini ulikusudiwa kumwacha mdogo akue, na mpaka wa juu kumwacha mama mkubwa azae, kwani kwa sangara wale wakubwa kabisa aghalabu ni majike, na mmoja wao huweza kubeba mayai kwa mamilioni. Vipimo vya sheria hukazwa na kulegezwa kwa kadiri ya nyakati, lakini hekima iliyomo haibadiliki: mchukue wa katikati, mwache mtoto, mwache mzazi.

Jina lililobaki bila samaki

Ziwa hili limekwisha kutupa somo moja, nasi tungali hai kulisikia. Mababu zetu hawakumla sato, kwani sato aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950. Samaki wao alikuwa ngege, ambaye naye huwalea wanawe mdomoni. Nyavu za kisasa za kunasa ziliingia ziwani mwaka 1905, na uvuvi ukapanuka kwa kasi. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, aliuchunguza uvuvi wa ziwa lote, akapendekeza kuwa nyavu zisiwe na jicho dogo kuliko inchi tano, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. Kanuni hiyo ikawekwa, kisha miaka ya baadaye ikaachwa, na nyavu za macho madogo zikaenea.

Haikuwa sababu moja tu iliyommaliza ngege. Sato mgeni alimshindania mahali pa kuzaa na chakula, sangara naye akaja na tumbo lake, na maji yenyewe yakabadilika. Hata hivyo, samaki aliyekwisha kudhoofishwa kwa kuvuliwa kupita kiasi hakuwa na nguvu za kuyastahimili hayo yote. Leo ngege yumo katika vijiziwa na mabwawa machache pembezoni, lakini katika ziwa kuu karibu amebaki jina tu. Wanafunzi wangu wa madrasa wakisikia wazee wakimtaja, hudhani ni samaki wa hadithi.

Mahindi ya mbegu

Muadhini wetu ni mvuvi wa ndoano. Hana mtumbwi, husimama juu ya mawe akavua mboga ya nyumbani kwake na ya jirani yake mjane. Nimemfuata mara kadhaa baada ya Alfajiri, nami nikajifunza kwake zaidi ya nilivyojifunza katika vitabu kuhusu maana ya kutosheka. Ghuba ya mchanga, ambako sato huchimba mashimo yao, yeye haitupii ndoano kabisa. Huvua upande wa majabali, kwenye kina. Samaki mdogo humrudisha. Wa kadiri humtia kikapuni. Akitoka mkubwa, hulowanisha kwanza mikono yake ili asimchubue utelezi wake, humtoa ndoana bila kumweka juu ya jiwe, akamshusha majini taratibu mpaka aondoke mwenyewe. Kikapu kikiwa na samaki wa kutosha nyumba mbili, hukunja mshipi wake hata kama samaki bado wanakula chambo.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anamwachia yule ambaye wengine wangempigia picha. Akanijibu bila kunitazama, macho yake yakiwa majini: “Ustadhi, mahindi ya mbegu hayapelekwi mashineni.”

Vijana wa mwaloni humcheka. Wanasema samaki mmoja wa mzee hawezi kuokoa ziwa. Na kwa hesabu ya kawaida ni kweli. Lakini mkulima wa Ukerewe hali mbegu ya msimu ujao hata akiwa na njaa, wala hakuna anayemwambia kuwa gunia lake moja haliwezi kulisha nchi. Anaitunza kwa sababu ni yake kuitunza.

Hapa niongeze tahadhari ya kifiqhi. Ninachokisifu si kuvua kwa ajili ya mchezo, mtu akamtesa kiumbe wa Allah (SW) kisha akamrudisha ili ajifurahishe. Mtume (SAW) alikataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha. Muadhini wetu huvua ili ale, na anayemrudisha ni yule ambaye hakumkusudia. Vilevile samaki aliyekwisha kufa haachwi majini kwa kisingizio cha huruma. Huo ni upotevu, naye ni halali, basi aliwe.

Halali na mipaka yake

Katika vikao vyetu hoja iliyosemwa kwa sauti kubwa zaidi ilikuwa hii: Allah (SW) amehalalisha vinavyovuliwa majini katika Surat Al-Maida, aya ya 96; basi nani atuharamishie? Hoja hiyo ni ya kweli katika msingi wake. Samaki wa kokoro na samaki wa ndoano, wote ni halali kuliwa. Lakini kuhalalishiwa kitu si kupewa ruhusa ya kukimaliza. Aya ile ile na iliyo kabla yake zinamkataza aliyemo katika ihramu kuwinda wanyama wa nchi kavu, ilhali wanyama hao ni halali kwake siku nyingine. Tukijua hivyo, tunajua kuwa Sheria inaweza kukiacha kitu kikiwa halali, huku ikizuia kukitwaa katika wakati fulani au mahali fulani. Mtume (SAW) aliufanya mji wa Madina kuwa eneo takatifu, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe. Imepokewa pia kuwa aliihifadhi Naqi’i iwe malisho maalumu, na kwamba Umar bin Al-Khattab (RA) baada yake alihifadhi maeneo mengine kwa maslahi ya Waislamu. Fikra ya kutenga mahali pakapumzika haikuletwa kwetu na mabwana samaki.

Wala si ngeni kwa ndugu zetu wa maji mengine. Katika baadhi ya vijiji vya Pemba, Mafia na Kilwa, wavuvi hufunga sehemu za miamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue na kuzaa, kisha hufungua wakavuna kwa pamoja. Mwaka 2024 Serikali yetu ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa lengo hilo hilo.

Hata hivyo, kisa kilichonizidi nguvu kwa kufanana na hali yetu ni kile cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, katika Surat Al-A’raf kuanzia aya ya 163. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wakatahiniwa kwa samaki waliokuwa wakija juu juu siku hiyo hiyo iliyokatazwa, na siku nyingine hawaji. Tazama, ndugu msomaji, mtihani wenyewe ulivyokuwa: samaki alikuwa mwingi na karibu pale pale alipopaswa kuachwa. Sisemi kuwa hukumu ya watu wale ndiyo hukumu yetu, kwani wao walivunja amri ya moja kwa moja ya Mola wao. Nasema kwamba mtihani wa ghuba yetu una sura hiyo hiyo. Sato anapokuja ufukweni kuzaa, mkono unaweza kumfikia, na kwa sababu hiyo ndipo taqwa inapoulizwa iko wapi.

Na kuna hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Mas’ud (RA). Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (SAW), wakamwona ndege mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda yale. Ndege akaja akitandaza mbawa zake kwa fadhaa. Mtume (SAW) alipomwona akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu huzuni kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Nilipoisoma hadithi hii madrasani, binti mmoja wa miaka tisa aliuliza kama sato naye huhuzunika vitoto vyake vikitoka mdomoni. Nilimwambia kuwa Aliyemuumba ndiye anayejua, nasi yatutosha kujua kwamba tumefundishwa kuwahurumia wazazi.

“Kaka, wengine watavuta”

Mdogo wangu alikuja nyumbani usiku mmoja kabla ya kikao cha pili. Habari ya barua ya vijana ilikwisha kuenea mwaloni. Alikaa mkekani, akapokea chai, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: “Kaka, tusipovuta sisi, wengine watavuta. Samaki ni wale wale. Tofauti ni kwamba mama atalala njaa na mtoto wa mwingine atashiba.”

Sikumjibu kwa aya. Mtu mwenye mikono iliyochanika kwa kamba hastahili kujibiwa haraka na mwenye kalamu. Nilimuuliza tu miaka mitano iliyopita walikuwa wakivuta mara ngapi kwa siku kupata kreti moja. Akasema mara mbili. Na sasa? Akasema mara tano, nyingine sita, na samaki wenyewe ni wa kiganja. Nikamuuliza baada ya miaka mitano mingine watavuta mara ngapi. Akacheka kicheko kisichokuwa cha furaha, akasema: “Hapo tutakuwa tunavuta mchanga.”

Basi kumbe anayajua yote. Wavutaji wa kokoro wanayajua kuliko mimi, kwa sababu wao ndio wanaoviona vitoto vikitapakaa mchangani kila kokoro linapofika. Wasichokuwa nacho ni mlango wa kutokea. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa kikao chetu kikitoa katazo peke yake, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi.

Tulivyoamua

Kamati ilimwandikia sheikh tunayemtegemea kwa masuala ya fatwa. Jibu lake lilikuwa fupi na la insafu. Samaki yule ni halali kuliwa, na mali ya mzee yule haiitwi haramu kama iitwavyo mali ya wizi au riba. Lakini njia yenyewe ina madhara kwa umma, na kiongozi akiweka katazo kwa ajili ya maslahi ya umma, Waislamu hulitii. Msikiti, akasema, ni mahali pa kwanza panapotakiwa kuepuka lenye shaka, hasa pale utakapoonekana kuwa unaitukuza zana hiyo mbele ya watu.

Mwenyekiti wetu na mimi tukaenda nyumbani kwa mzee baada ya Isha. Tulipokelewa vizuri, tukaandaliwa kahawa na kashata. Mwenyekiti alieleza kwa upole wote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi: “Mwanangu, ulipokuwa chuoni, nauli yako ilikuwa ikitoka wapi?”

Nikamwambia: “Ilitoka mkononi mwako, Mzee wangu, na dua yangu kwako haijakatika tangu siku hiyo. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma barua.”

Hakusema zaidi. Alitusindikiza hadi mlangoni, na kesho yake akatuma ujumbe kuwa ahadi ya birika ameiondoa. Msingi ulikwisha kuchimbwa. Kwa miezi kadhaa ulikaa wazi, mvua ikanyesha ndani yake, na kina mama wakaendelea kubeba ndoo wakilipita shimo lile kila siku. Wapo walionilaumu, tena kwa maneno mazito, na sikuwa na la kuwajibu isipokuwa kuchukua ndoo na kusaidia kubeba. Mzee hakuacha kuja msikitini, na nafasi yake katika safu ya kwanza hakuna aliyeikalia.

Tulifanya mambo mengine mawili. Kwa kushirikiana na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo, yaani BMU, tuliomba ghuba ya mchanga itambuliwe kuwa mazalia na iwekewe maboya, na hotuba ya Ijumaa ikaeleza sababu. Pili, kutoka katika mfuko wa msikiti tulitenga fedha kidogo za mkopo mwema usio na riba, ili wavutaji wanaotaka kuacha kokoro wanunue makila yenye jicho la halali, watu wawili kwa mtumbwi mmoja, wakarejesha kidogo kidogo kila wiki. Wanne walianza. Wawili wanarejesha vizuri. Wawili wengine waliibiwa nyavu zao usiku, nasi tumewaongezea muda, kwani Qur’ani imetufundisha kumsubiri mwenye dhiki. Mdogo wangu yumo katika orodha ya awamu ya pili. Mpaka ninapoandika haya bado anavuta kamba, na mama bado anakula kutoka mkono wake. Kila nikiufungua mfuko ule kuhesabu, namwona yeye.

Mwezi uliopita mikokoteni miwili ilisimama mbele ya msikiti ikiwa na mifuko ya saruji. Aliyeileta alisema kuwa mzee ameagiza tuambiwe neno moja tu, kwamba hiyo imetokana na shamba lake la machungwa. Niliiandika katika daftari kama alivyosema: saruji, mifuko ishirini, ya machungwa. Kuta za birika sasa zimefika kiunoni.

Sehemu ya nyumba zetu

Huenda msomaji wa Dar es Salaam, Tabora au Mombasa akasema kuwa haya ni ya watu wa ziwani. Lakini kokoro huvutwa na mikono mingi, na mmoja wa mikono hiyo ni ule unaonunua. Samaki wa kiganja wanaopangwa kwa mafungu sokoni wasingevuliwa kama wasingekuwa na mnunuzi. Kwa hiyo yako mambo ambayo kila familia ya Kiislamu yaweza kuyafanya bila kumngoja bwana samaki wala kamati.

Mama anapomnunua sato, amtazame urefu. Rula ya mwanafunzi ina sentimita 30. Samaki asiyefika kwenye alama ya 25 ni mtoto ambaye pengine hajazaa hata mara moja. Madrasani kwetu tuliwaomba watoto wapime samaki wa nyumbani kwa rula zao kabla hawajapikwa, na walio wengi hawakufika alama hiyo. Wazazi walishangaa kuliko watoto. Muuzaji akiulizwa mara kumi kwa siku, “Huna mkubwa kidogo?”, swali hilo litafika mwaloni lenyewe. Na baba anapoandaa walima au futari, asione fahari kuagiza samaki mama, mkubwa kupita wote, aliyejaa mayai, ili wageni wamsifu. Samaki wa kadiri wawili hushibisha kama yeye, na ladha yao si haba.

Zaidi ya yote, tuwafundishe watoto kuwa kuacha kitu unachoweza kukichukua ni ibada. Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah kuwa Mtume (SAW) alikataza israfu ya maji katika udhu hata mtu akiwa kando ya mto unaotiririka. Mto haupungui kwa kiganja kimoja cha maji, lakini moyo uliozoea kufuja penye wingi hautajua kujizuia penye uchache. Nasi tunaotawadha kando ya ziwa hili kubwa, tukilitazama hadi macho yakachoka bila kuona ng’ambo, ndio tunaohitaji somo hilo kuliko wote, kwani ukubwa wa neema ndio unaomfanya mtu aamini kuwa haina mwisho.

Wabillahi tawfiq.